Kusaka vipima mionzi vya zamani: Columbus, Xenia mpaka Oak Ridge

Safari ilikuwa ya mwezi wa tano, ile wikiendi ambayo kila mwaka pale Xenia, Ohio kunakuwa na Hamvention, mkusanyiko mkubwa wa watu wa redio za mawasiliano. Nimeiandika kutoka kwenye notsi za simu na picha, so kuna vipande nimeruka mana hakuna kilichotokea zaidi ya barabara. Kwa wasionijua, nakusanya vipima mionzi vya zamani, hasa yale maboksi ya njano ya Ulinzi wa Raia (Civil Defense, CD) wa Marekani enzi za vita baridi, na wanaoyatunza kwenye magereji ni hawahawa wazee wa redio. Mwaka huu nilikuwa na jirani yangu, mzee mmoja wa Likasi, Katanga, kule Kongo, ambaye hana habari na redio wala maboksi, ila aliposikia natoka Xenia nashuka mpaka Oak Ridge, Tennessee, walikoandaa urani ya bomu la atomiki, akasema hata akikaa kwenye buti anaenda.

Alhamisi, Columbus hadi Dayton

Tumetoka saa nne asubuhi, I-70 moja kwa moja, maili kama 70, hamna cha kusimulia. Tumeingia makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani pale Dayton. Bure kabisa, parking bure, begi tu wanapitisha kwenye mashine. Ukitaka kuona yote tenga siku nzima, sisi tulikuwa tunataka ndege moja tu, Bockscar, ile B-29 iliyodondosha bomu Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Imesimama pale inang'aa, watoto wa shule wanapita chini ya bawa wanakula chipsi.

Mzee akaniuliza hili bomu lilikuwa la madini gani. Nikamwambia hili la plutoni, la Hiroshima ndo lilikuwa la urani, ila hata hiyo plutoni unaipata kwa kuchoma urani kwenye mtambo. Akatikisa kichwa akasema, "Basi yote moja, yote ilitoka kwetu." Na hajakosea sana, sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa vita wa kutengeneza bomu ilitoka Shinkolobwe, mgodi ambao kutoka Likasi si mbali, na anapotokea mzee ukisema Shinkolobwe hakuna asiyejua.

Usiku tukalala kwa familia ya ndugu zake hapo hapo Dayton, Wakongo wako wengi sana mji ule. Bukari (ugali), samaki thomson wa kukaanga na sombe (kisamvu), na asubuhi mama mwenye nyumba akatufungia mikate ya moto kwenye foili ya kwenda nayo. Hotelini tungelipa dola 90 na tusingekula hivyo.

Ijumaa, Xenia

Mvua. Hii mvua ya Xenia wanaijua wote, uwanja ni wa maonyesho ya kilimo, majani yakishakanyagwa na magari inakuwa tope tupu. Beba gambuti, sitanii, nimeona mtu anatembea na mifuko ya rambo kwenye viatu. Tiketi getini kama dola 30, ukinunua mapema mtandaoni inapungua kidogo. Ndani ya majengo wanauza vitu vipya, usipotezee muda huko kama unatafuta vikuukuu, nenda nje kwenye soko la wazi ambako ni Karume tupu, meza kwa meza, maturubai, mtu kafungua buti anauza transfoma kwa kilo.

Meza ya kwanza yenye maboksi ya njano nikakuta kijana wa chuo kashika CD V-715, muuzaji anamwambia ni geiger, yani kile kipima mionzi cha kutoa mlio, inafanya kazi, dola 90. Kijana kaiwasha, kaisogeza kwenye saa ya zamani yenye namba za radiamu, rangi yenye mionzi, mshale umelala. Anadhani imekufa. Nikamvuta pembeni nikamweleza, mana hapa ndo wengi wanapopigwa.

Ngoja nilieleze vizuri na huku. Marekani walitengeneza haya maboksi ya aina kadhaa na yote yanafanana, njano, mpini juu, nembo ya CD pembeni. CD V-700 ndo geiger halisi, ina probu ya chuma kwenye waya, ndani ya probu mna tyubu inayonasa mionzi, na ina swichi ya kuzidisha mara 1, mara 10, mara 100, mwisho wake ni miliröntgen 50 kwa saa (röntgen ni kipimo cha mionzi, mili ni sehemu yake moja ya elfu). CD V-715 haina probu wala tundu la hedifoni, ndani ni chemba ya ioni, kikopo cha hewa cha kupimia mionzi mikali, ilitengenezwa kwa ajili ya siku ambayo bomu limeshapiga na majivu yenye mionzi yanashuka. Skeli yake ya chini kabisa inaishia miliröntgen 500 kwa saa na ya juu röntgen 500 kwa saa. Yani pale 700 inapoishia, 715 ndo kwanza mshale unaanza kutikisika. Ukiiweka kwenye saa, sahani ya rangi ya urani, jiwe la urani, haisemi kitu, na haitakiwi kusema. Ukiona 715 nyumbani kwako inapanda na haijaharibika, usipige picha, kimbia.

Kijana akacheka, akarudi akaichukua kwa 30 kwa sababu kaipenda rangi. Muuzaji wala hakununa, alikuwa ameinunua kwenye mnada wa kaunti na hajui hata inafunguliwaje.

Meza yangu niliipata saa sita hivi, kwa mzee mmoja wa Indiana mwenye kofia imeloa chapachapa. CD V-700 ya Lionel, ndiyo, Lionel walewale wa treni za kuchezea za watoto, serikali iligawa tenda kwa viwanda kila aina, hata watengeneza birika za kahawa walipata 715. Anataka 120, haijajaribiwa, hana betri. Mimi kwenye begi natembea na vitu vinne: mawe (betri) makubwa ya D, msasa laini, bisibisi, na kisahani cha Fiesta chekundu. Nikafungua vibano viwili, juu ikatoka, ndani sehemu ya betri ina ukungu wa kijani, mtu aliacha mawe yakavuja. Nikasugua kwa msasa pale pale mvua inapiga turubai, nikaweka mawe yangu, nikazungusha swichi. Mshale ukatikisika. Ukasimama. Ukatikisika tena.

Ile 700 haina spika ndani, inataka hedifoni yake yenye plagi ya ajabu ambayo karibu kila mtu kaipoteza. Yule mzee akainama chini ya meza, akachokonoa kwenye ndoo ya waya kama dakika tano nzima, akatoka nayo. "Chukua, siwezi kuiuza bila rafiki yake." Nikavaa. Tik. Tik tik. Hiyo ndo mionzi ya kawaida tu ya ardhini na angani, milio ishirini thelathini kwa dakika, ukisikia hivyo jua tyubu iko hai. Nikazungusha kifuniko cha probu kufungua dirisha, nikaiegesha kwenye kisahani, ikawa kama mafuta ya kukaangia yaliyomwagiwa maji, mshale ukagonga mwisho kwenye mara 1 nikalazimika kupandisha mara 10. Vile vyombo vyekundu vya Fiesta kuanzia 1936 rangi yake ilikuwa ya urani, wakasimama 1943 serikali ilipoichukua urani yote, wakarudi 1959 mpaka 1972.

Mzee wa Likasi akaomba hedifoni. Kasikiliza muda, kaweka probu kwenye kisahani, kaitoa, kairudisha. "Hii iko inalia sababu ya rangi tu?" Rangi tu, mzee. Akamuuliza yule wa Indiana, kwa Kifaransa chake cha Kiingereza, kama anajua urani ilitoka wapi. Yule akasema Colorado. Nikawaacha wanaeleweshana, mi nikaendelea kukagua.

Kitu cha kuangalia kwenye 700: ubavuni kuna lebo, na chini ya lebo kuna kipande kidogo cha kujaribia. Unafungua dirisha la probu unaigusisha pale, maelekezo yanasema mshale ukae kati ya 1.5 na 2.5. Nyingine waliweka urani iliyopunguzwa makali, hiyo haichoki leo wala kesho. Nyingine waliweka risasi-210 (madini ya risasi yenye mionzi), na hiyo inapungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi, so ukipata 0.4 usikimbilie kusema mashine ni mbovu, kipande ndo kimezeeka. Wauzaji wengi hawalijui hili na unaweza kulitumia kushusha bei, mi nililitumia. Tukamalizana 70.

Hapo hapo nikachukua kalamu za dozimeta, za kujumlisha mionzi uliyopata, CD V-742, dola 5 kila moja, na chaja yake CD V-750 dola 20. Hizi kalamu unaziweka mfukoni kama bik, ukitaka kusoma unaielekeza kwenye mwanga unachungulia, ndani unaona skeli ya röntgen 0 hadi 200 na unywele mmoja mweusi. Kuirudisha sifuri unaibonyeza kwenye chaja, taa inawaka, unazungusha kitufe mpaka unywele uje kwenye 0. Nikazirudisha zote pale pale na nikazifunga kwenye soksi. Sababu inakuja.

Kuna meza moja ilikuwa na vipima vya wachimbaji wa miaka ya 50, Precision Radiation Instruments wa Los Angeles, mazuri kweli, kipindi kile tume ya atomiki ya Marekani inatoa bonasi ya dola 10,000 kwa atakayegundua urani mpya, kila Mmarekani mwenye pikapu alinunua kimoja akaenda Utah. Bei 250. Mazuri ila mengi ya kipindi kile yanataka betri za volti 67 na nusu ambazo dukani huzipati tena, mpaka uunganishe vibetri vidogo mwenyewe. Kama ndo unaanza, nunua kinachotumia D.

Saa tisa tumetoka, tope mpaka magotini, kijana wa maegesho akatusaidia kusukuma gari na akakataa kabisa hela tuliyompa, akachukua mikate miwili.

Afu foleni. Daraja la Brent Spence pale Cincinnati, Ijumaa jioni, I-71 na I-75 zote zinabanana juu ya mto Ohio kwenye daraja moja. Saa nzima na dakika kumi kwa maili sita. Ukiweza zunguka na I-275, hata kama ramani inakwambia ni mbali. Mafuta upande wa Kentucky yalikuwa nafuu, full tank dola 41. Tumefika Corbin usiku, moteli dola 74, maji ya moto hamna.

Jumamosi, Corbin hadi Oak Ridge

Asubuhi kabla ya chai nikafungua soksi. Kalamu mbili bado 0. Moja unywele uko 30. Moja uko 120. Mzee kachungulia ile ya 120, kaniangalia, kachungulia tena, na mi jana yake nilishamweleza kwamba ukipata 200 unaumwa vibaya sana.

"Mwanangu, siye tumekufa?"

Hatujafa. Unywele unakaa sifuri kwa sababu ya chaji ya umeme, na kalamu ikizeeka au ikiingia unyevu chaji inavuja yenyewe, unywele unatembea bila mionzi yoyote. Ndo mana ukinunua unazirudisha sifuri unazilaza usiku mmoja. Kwenye kalamu ya 0 hadi 200, mionzi ya kawaida ya nyumbani kwa usiku mmoja haitakiwi kuusogeza unywele hata kidogo. Zile mbili zinazovuja nazo sizitupi, nzuri za mapambo.

Corbin ndo kule mkahawa wa Kanali Sanders wa kuku, tumepita, tumekula kuku saa nne asubuhi, tumepiga picha na sanamu. Kuku ni yuleyule.

Mlima wa Jellico mpakani na Tennessee, ukungu mzito, malori yanashuka na breki zinanuka. Endesha polepole, kaa kulia. Unatokea exit 122 ya I-75 pale Clinton, unafuata barabara ya 61, umefika.

Oak Ridge haikuwepo kwenye ramani. Mwaka 1942 jeshi lilichukua mabonde yale, likahamisha watu wa mashamba, likajenga mji wenye uzio ambao kufikia 1945 ulikuwa na watu kama 75,000 na karibu wote hawajui wanatengeneza nini. Tumekwenda K-25 History Center, nayo bure. K-25, mtambo wa kurutubisha urani, lilikuwa jengo la umbo la U, urefu wake nusu maili, kubwa kuliko yote duniani wakati ule, wamelibomoa lote, limebaki eneo tupu lenye alama ya msingi na unaliangalia kupitia dirisha.

Kilichomkamata mzee ni Y-12, mtambo mwingine wa hapo hapo. Huko walitenganisha urani kwa sumaku kubwa, na sumaku zinataka nyaya nene za shaba, na shaba yote ilikuwa imekwenda kwenye risasi za vita. Wakaenda hazina ya taifa wakaazima fedha, fedha yenyewe ya kung'aa, tani zaidi ya 14,000, wakaifanya nyaya. Nilivyomtafsiria mzee, mtu aliyekulia pembeni ya mitambo ya shaba, alicheka mpaka watu wakageuka. Shaba kwao ni mukuba. "Mukuba? Si bangekuya kutuuliza siye? Bamebeba urani, mukuba bameacha!"

Mama mmoja wa makamo, mgeni kama sisi, akauliza kinachochekesha nini. Kumbe mama yake mzazi alikuwa mmoja wa wasichana wa Y-12, wale waliokaa kwenye viti virefu masaa nane wanazungusha vitufe kuweka mshale katikati bila kuambiwa mshale unapima nini. Alituonyesha kwenye picha kubwa aina ya kiti. Mzee naye akamweleza ya kwao: kwamba madini yale mazuri kupita yote, mengine karibu theluthi mbili yake oksidi ya urani, yalichimbwa kwa mikono ya watu wa kwao chini ya kampuni ya Kibelgiji, Union Minière, kwamba bosi wake Edgar Sengier alisafirisha tani kama 1,200 mwaka 1940 zikakaa kwenye ghala Staten Island, New York, zinasubiri, mpaka Septemba 1942 kanali wa jeshi alipokwenda kuuliza akakuta zipo tayari. Na kwamba miaka ya 90 mgodi umeshafungwa vijana wakarudi mle kuchimba kobalti kwa sururu, mpaka 2004 serikali ilipokataza na sehemu ikaporomoka na watu. Alikuwa anawajua waliokuwa wanakwenda. Akaniuliza pale pale, kama wangekuwa na hii ya Lionel yenye hedifoni ingewaambia kitu? Nikamwambia ingepiga kelele wasingeivumilia, wangeizima.

Yule mama akatulipia chakula cha mchana. Tulikataa, akalipa wakati tunanawa.

Angalizo la wale wa greencard na viza: kuna basi la kutembeza watu ndani ya maeneo ya serikali, Y-12 na kwenye mtambo wa X-10 uliowashwa Novemba 1943, ila hilo ni la raia wa Marekani tu. Usiendeshe masaa matano kwa ajili yake kama huna pasi yao.

Jumapili, Clinton na kurudi

Clinton kuna mtaa mzima wa maduka ya vitu vya kale, dakika kama kumi na tano kutoka Oak Ridge. Nilitembea na 700 begani, wenye maduka hawashtuki, nadhani wanatuona wengi. Glasi za urani za kijani tele, unazimulika kwa tochi ya zambarau zinawaka. Nimechukua kikombe kimoja dola 12. Kulikuwa na saa ya mezani yenye namba za radiamu, kioo kimepasuka, nikaiacha hapo. Radiamu ikiwa nyuma ya kioo kizima iangalie tu, ila kama rangi inamenyeka usiifungue, usiisafishe, usiiweke chumba cha watoto. Vumbi lake ukilivuta ndo tatizo.

Kurudi, pancha karibu na London, Kentucky, tairi la nyuma. Jeki yangu ilikuwepo, spana haifiki. Mwenye pikapu akasimama, hajauliza jina, kafunga tairi la akiba, kajaza upepo kwa kompresa yake, kaondoka. Columbus saa tano usiku.

Jumatatu, nyumbani

Siki nyeupe na pamba ya masikio, ule ukungu wa kijani umetoka wote, halafu spiriti, halafu kausha. Lionel inafanya kazi, kipande cha kujaribia kinasoma 1.8. Tukijumlisha mafuta, moteli, tiketi, chakula na vitu vyenyewe imekuja kama dola 370 kwa wawili, mzee kalipa nusu ya mafuta kwa lazima na kachukua kalamu moja inayovuja, ile ya 120.

Wanaoniuliza kutuma Bongo: boksi lenye kipande cha kujaribia lina chanzo cha mionzi, hata kama ni kidogo namna gani, na kuingiza chanzo cha mionzi Tanzania kunataka kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC. Usilifiche kwenye begi la nguo. 715 na kalamu hazina chanzo ndani ila bado uliza kwanza.

Natafuta CD V-717, inafanana na 715 ila chemba yake inachomoka na kukaa nje kwa waya wa futi 25 wewe ukiwa ndani ya handaki. Xenia nimeziona kadhaa na zote hazina waya. Ukikutana nayo Ohio au Indiana, ikiwa kamili, nishtue hata usiku.